Hati Iliyochelewa Miaka 15: Kisa cha Montreal na Mabadiliko ya Sheria ya Talaka ya Kiyahudi

Mwaka 1969 Wayahudi wawili walioana mjini Montreal, Kanada. Ndoa ilipowashinda, mwaka 1980, walifanya wanavyofanya wenzi wengi wenye mawakili: waliandikiana makubaliano kuhusu watoto wao wawili, matunzo na mali, wakayapeleka mahakamani yawe sehemu ya shauri lao la talaka. Kifungu cha 12 cha makubaliano hayo kilisema kwamba mara tu mahakama itakapotoa hukumu ya awali ya talaka, wote wawili watafika mbele ya marabi wa jiji hilo ili ipatikane hati ya talaka ya kidini. Talaka ya mahakama ikatoka. Hati ya kidini haikutoka. Mke, aliyekuwa na miaka 31 walipotengana, aliipokea Desemba 1995 akiwa anakaribia kutimiza miaka 47. Wakati huo alikuwa amekwisha kumshtaki mume wake wa zamani tangu mwaka 1989 akidai fidia, na shauri hilo halikufikia mwisho wake hadi tarehe 14 Desemba 2007, Mahakama ya Juu ya Kanada ilipotoa uamuzi.

Kisa hiki hutajwa sana na wanasheria wanaojadili mipaka ya uhuru wa dini. Hapa kinachambuliwa kwa sababu nyingine: kinaonyesha namna sheria ya Kiyahudi inavyobadilika. Aya ya Torati yenyewe haiguswi, na mengi yanayoizunguka hubadilika, hasa jibu la swali la nani ana nguvu ya kumfanya mume atimize anachodaiwa.

Msingi wa jambo lote ni Kumbukumbu la Torati 24:1, inayomtaja mume anayemwandikia mkewe hati ya kumwacha, akampa mkononi na kumtoa katika nyumba yake. Marabi waliisoma aya hii neno kwa neno. Kwa kuwa imeandikwa kwamba yeye ndiye aandikaye na yeye ndiye atoaye, walihitimisha kwamba talaka hutoka kwa mume, kwa hiari yake, na kwamba hakuna rabi wala mahakama inayoweza kuitoa kwa niaba yake. Msomaji aliyezoea mahakama za kadhi aitazame vizuri tofauti hii, kwa sababu kadhi, mume akikataa kutoa talaka bila sababu, anaweza kuivunja ndoa kwa faskhi. Rabi hana mamlaka hayo. Mahakama ya marabi, iitwayo beti-dini, husimamia tu tendo ambalo mtendaji wake ni mume.

Tendo lenyewe lina utaratibu mkali. Mwandishi maalumu huandika hati kwa mkono katika mistari 12, kwa ajili ya mume huyo na mke huyo tu, kwa hiyo fomu iliyochapishwa tayari haifai. Majina hutajwa pamoja na lakabu zote ambazo watu huwaitia, na jiji hutajwa pamoja na mto au chemchemi zake ili lisichanganywe na jiji jingine. Mashahidi wawili hutia saini. Mke huinua viganja vyake viwili vilivyokutanishwa, mume huidondosha hati humo na kutamka kwamba sasa ameachwa na yuko huru kwa mwanamume yeyote, naye huiweka kwapani na kutembea hatua chache kuonyesha kwamba imekuwa mali yake. Kisha rabi huikata hati hiyo ili mtu asije baadaye akaichunguza na kuitilia shaka, na mwanamke huondoka na cheti tu. Shughuli yote haichukui hata nusu siku. Mdai wa Montreal aliisubiri kwa miaka 15.

Asipoipata, mwanamke huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Kwa sheria ya dini bado ni mke wa mtu hata kama serikali imemwandikia kuwa ameachika. Akizaa na mwanamume mwingine wa Kiyahudi, mtoto huhesabiwa mamzeri, asiyeruhusiwa kuoa wala kuolewa katika jumuiya ila na mamzeri mwenzake au mtu aliyeongoka kuingia Uyahudi, na doa hilo hurithiwa na vizazi vyake. Mume hayumo katika hatari hiyo. Akizaa na mwanamke asiye na mume, watoto wake hawana dosari yoyote, na mke wake akikataa kupokea hati upo mlango wa dharura wa kupata ruhusa ya marabi 100 ili aoe tena. Kwa hiyo kizuizi kinaonekana kuwafunga wote wawili, lakini uzito wake humwangukia mmoja.

Si kweli kwamba marabi wa kale waliliona hili wakanyamaza. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika kuelekea mwaka 200, ina orodha ya wanaume wanaolazimishwa kuacha wake zao: mwenye majipu, mwenye uvimbe wa puani, anayekusanya kinyesi cha mbwa, mfua shaba na mtengeneza ngozi. Watatu wa mwisho wamo kwa ajili ya kazi zao, maana harufu ya kazi huingia nyumbani. Mwanamke angeweza kusema kwamba alidhani angevumilia na sasa ameshindwa. Na lilipoulizwa swali la vipi mume alazimishwe ilhali talaka lazima iwe ya hiari, jibu lilikuwa la ujasiri: analazimishwa hadi aseme, "Nataka."

Karne nyingi baadaye Maimonides, rabi na mwanasheria mashuhuri aliyefariki mwaka 1204, alilitetea jibu hilo kwa hoja ambayo hadi leo hujadiliwa. Alisema kwamba Myahudi aliyekataa kutii kwa kweli anataka kutii, na kwamba ni tamaa mbaya tu imemshika. Kipigo kikiidhoofisha tamaa hiyo, mtu amerudi katika matakwa yake halisi, kwa hiyo ametoa hati kwa hiari. Unaweza kuiona hoja hii kuwa hila. Mimi naiona kama ungamo la mwanasheria anayejua kwamba kanuni ya hiari ikiachwa bila nguvu upande wa pili inageuka kuwa silaha. Maimonides huyohuyo alishikilia kwamba mke akisema mumewe amemchukiza na hawezi kuishi naye, mume alazimishwe kumwacha papo hapo, kwa kuwa mke si mateka wa kukaa na mtu anayemchukia.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau wanapofikiri kwamba sheria za kidini husonga upande mmoja tu, ama kulegea ama kukaza. Tangu katikati ya karne ya 7, wakuu wa vyuo vya marabi vya Babeli, yaani Iraki ya leo, walikuwa wameweka kanuni ya kumpa mke njia ya haraka ya kupata talaka kwa kulazimisha mume, na Maimonides alifikia karibu na hapo kwa njia yake. Katika karne ya 12 huko Ufaransa, rabi aitwaye Rabenu Tam aliipinga kanuni hiyo kwa hofu kwamba hati iliyotolewa kwa shuruti isiyo halali ni batili, na mwanamke atakayeolewa kwa hati hiyo atakuwa amezini bila kujua. Msimamo wake ndio ulioshinda, na vitabu vya sheria vilivyofuata, hasa Shulhan Aruki uliochapishwa Venice mwaka 1565, viliufuata. Kwa kipimo cha mwanamke aliyefungwa, basi, karne ya 9 Babeli ilimpa nafuu kuliko karne ya 16.

Wakati huohuo mkono mwingine ulikuwa unamlinda. Kanuni zinazohusishwa na Rabenu Gershom wa Mainz, mwanzoni mwa karne ya 11, zilikataza mume kuoa mke wa pili na kumwacha mke bila ridhaa yake, jambo ambalo Torati yenyewe haikulikataza. Wayahudi wengi wa Ulaya walizikubali. Wale wa Yemen na wengi wa nchi za Kiislamu hawakuzikubali, na wengine waliendelea kuwa na wake wawili hadi karne ya 20. Naye Rabenu Tam, aliyefunga mlango wa shuruti, aliacha dirisha: kama mume hawezi kulazimishwa, jumuiya inaweza kumwepuka. Asialikwe, asifanyiwe biashara, asihesabiwe katika sala. Hiyo haikuhesabiwa kuwa shuruti kwa kuwa mtu anaweza kuhamia mji mwingine.

Neno la mwisho hapo ndilo lililokuja kuvunja utaratibu mzima. Katika mji wa Poland wa karne ya 17 kuhamia mahali pengine maana yake ilikuwa kuingia jumuiya nyingine ya Kiyahudi, ambayo ingeuliza barua kutoka ulikotoka. Jumuiya ilikuwa na mahakama yake, kodi yake, kibali chake cha makazi, na adhabu ya kutengwa ambayo ilimfanya mtu akose mpaka mahali pa kuzikiwa. Dola za kisasa ziliyavunja hayo moja baada ya jingine. Ufaransa ilipowapa Wayahudi uraia kamili mwaka 1791, iliwapa kama watu binafsi, na jumuiya kama mamlaka ikakoma. Urusi ilivifuta vyombo vya utawala wa jumuiya mwaka 1844. Yalikuwa ni mafanikio makubwa, na hakuna anayetamani kurudi nyuma, lakini mume mkaidi naye aliwekwa huru siku hiyohiyo: sasa angeweza kutoka mlangoni mwa sinagogi na kubaki raia mwenye biashara yake, majirani zake na kaburi lake.

Montreal haikuwa hata na zamani hizo za kuzikosa. Sinagogi ya kwanza ya jiji hilo ilianzishwa mwaka 1768, na sheria ya mwaka 1832 iliwapa Wayahudi wa Kanada ya Chini, yaani Quebec ya leo, haki kamili za kiraia, kwa hiyo beti-dini huko ilikuwa tangu mwanzo mahakama ya hiari, isiyo na askari wala gereza. Ila Quebec ilikuwa na upekee wake: hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa ilifungwa na viongozi wa dini pekee, na talaka kwa njia ya mahakama haikupatikana mpaka sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ilipoanza kutumika. Wenzi wa kisa hiki walioana mwaka uliofuata. Rabi aliwaunganisha kwa dini na kwa serikali kwa wakati mmoja. Walipotaka kutengana, mamlaka hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuachana, na kila moja ilidai hati yake.

Wayahudi wa zama hizi walijibu hali hiyo kwa njia zisizofanana. Wanamageuzi, mrengo uliolegeza sheria nyingi za kale, katika mkutano wa marabi wao uliofanyika Philadelphia mwaka 1869, waliamua kwamba talaka ya serikali inatosha. Jibu hilo ni safi, ila lilihamisha tatizo kwa watoto, kwa sababu Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoishika sheria ya jadi, hawakulikubali. Vuguvugu la Konsevativu, lililo kati ya hao wawili, lilikubali mwaka 1954 kifungu kilichotungwa na Saul Lieberman, kinachoongezwa katika ketuba, yaani mkataba wa ndoa, ambacho wanandoa hukubali kwacho kufika mbele ya mahakama ya marabi ndoa ikivunjika. Waorthodoksi walikuwa wamekwisha kuyakataa mapendekezo ya marabi wa Ufaransa ya mwaka 1907 ya kuifanya ndoa iwe ya masharti, na hawakukipenda kifungu cha Lieberman pia. Israeli ilichukua njia ya nne: sheria ya mwaka 1953 iliziachia mahakama za marabi ndoa na talaka za Wayahudi, na sheria ya mwaka 1995 ikaziwezesha kumnyang'anya mume mkaidi pasipoti, leseni ya udereva, huduma za benki na hata uhuru wake. Ni kama kuirudisha jumuiya ya kale ikiwa imevaa sare za dola, na hata hivyo haitoshi, kwani mtu mmoja alikaa gerezani nchini humo kwa zaidi ya miaka 30 akafia humo bila kumwacha mkewe.

Kanada haikutaka kuwa na mahakama za dini. Mwaka 1990 bunge lake lilirekebisha Sheria ya Talaka ili jaji aweze kukataa kupokea maombi ya mhusika ambaye anakataa kuondoa kizuizi cha ndoa ya kidini kilicho mikononi mwake pekee. Sheria haikutaja Wayahudi, ingawa kila mtu alijua inamhusu nani. Kwa mdai wetu ilichelewa: shauri lake la talaka lilikuwa limefungwa miaka 10 kabla, na mume hakuwa tena na maombi yoyote mahakamani ambayo jaji angeyakataa. Alichobaki nacho ni kifungu cha 12.

Mahakama ya kwanza, mwaka 2003, ilimpa ushindi. Jaji aliona kwamba ahadi ya kufika mbele ya marabi ilikuwa sehemu ya mkataba wa kiraia, akampa dola 2,500 kwa kila mwaka wa miaka 15 aliyozuiwa kuolewa kwa mujibu wa imani yake, na dola 10,000 kwa kukosa fursa ya kuzaa watoto wengine ambao dini yake ingewatambua. Jumla yake ilikuwa dola 47,500. Mahakama ya Rufaa ya Quebec iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005 kwa maelezo kwamba wajibu huo kiini chake ni cha kidini, na wajibu wa kidini haudaiwi katika mahakama ya serikali.

Mahakama ya Juu iligawanyika, majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Rosalie Abella, aliyeandika kwa niaba ya wengi, aliona kwamba pande mbili zilizokuwa na mawakili zilijadiliana, zikaandika na kutia saini, na zilikusudia maneno yao yawe na matokeo ya kisheria. Jambo la kimaadili au la kidini likiwekwa katika mkataba halali hugeuka kuwa wajibu wa kimkataba. Kuhusu madai ya mume kwamba uhuru wake wa dini ungevunjwa, alibainisha kwamba kwa ushahidi wake mwenyewe kukataa kwake kulitokana zaidi na hasira dhidi ya mkewe kuliko na imani. Hakuna kanuni ya Uyahudi inayomkataza mume kutoa hati. Hata kama pangekuwa na uzito wowote wa kidini upande wake, ulizidiwa na maslahi ya umma katika usawa wa wanawake, katika haki yao ya kuendelea na maisha baada ya ndoa, na katika kuheshimiwa kwa mikataba.

Jaji Marie Deschamps, pamoja na Jaji Louise Charron, alipinga, na hoja zake hazistahili kupitwa harakaharaka. Alisema kwamba machoni mwa sheria ya Kanada mwanamke huyu alikuwa huru kuolewa tangu mwaka 1980, na watoto ambao angezaa wangekuwa na haki sawa na watoto wote. Kilichomzuia kilikuwa dini aliyoichagua mwenyewe. Mahakama ikikubali kupima hasara inayotokana na kanuni ya dini, inakuwa imeipa kanuni hiyo nguvu ya dola. Kuna ukweli hapo. Fidia ya dola 10,000 kwa watoto ambao hawakuzaliwa inategemea fundisho la mamzeri, fundisho ambalo mahakama ya kiraia isingelitambua kamwe kama lingeletwa moja kwa moja.

Hata hivyo naona walio wengi walikuwa sahihi, kwa sababu ambayo haimo katika hukumu yao. Kusema kwamba mwanamke angeweza tu kuiacha dini yake ni kusahau kwamba ni dola iliyoinyima jumuiya yake uwezo wa kumshurutisha mume. Dola iliyochukua fimbo haiwezi kujifanya kwamba haijui aliyekuwa akilindwa nayo.

Lipo pia swali ambalo majaji wa Mahakama ya Juu hawakulazimika kulijibu lakini marabi hawawezi kulikwepa, nalo ni kama fidia ya namna hii haiharibu hati zitakazotolewa na waume wengine kwa kuiogopa. Mishna, katika sura ya 9 ya Gitini, sehemu yake inayohusu hati za talaka, inasema kwamba hati iliyolazimishwa na Waisraeli inafaa na iliyolazimishwa na mataifa mengine haifai, kisha inaongeza hali ya tatu: mataifa wakimpiga mume na kumwambia, "Fanya wanachokuambia Waisraeli," hati inafaa. Mistari hiyo michache, yenye umri wa karibu miaka 1,800, imekuwa ramani ya wanasheria wa leo. Jaji wa serikali akimwamuru mume moja kwa moja atoe hati, kuna hatari ya kuibatilisha. Akimwamuru atimize mkataba wa kufika mbele ya marabi, na marabi ndio waseme atoe, anabaki ndani ya hali ya tatu. Mahakama ya Rufaa ya New York ilifika karibu na hapo mwaka 1983, ilipoamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba kifungu cha Lieberman kinaweza kutekelezwa kama makubaliano ya kwenda kwa msuluhishi. Katika kisa cha Montreal hati ilitoka kabla ya hukumu yoyote ya fidia, ingawa shauri lilikuwa likiendelea, na hilo liliipunguzia makali hoja ya shuruti.

Kama dawa, fidia ya mwaka 2007 ni dhaifu. Inakuja baada ya madhara, baada ya gharama za mawakili za karibu miaka 20, na kwa mume mwenye uwezo dola 2,500 kwa mwaka ni bei ambayo anaweza kuilipa akitabasamu. Ndiyo maana jibu lililoenea miongoni mwa Waorthodoksi wa mrengo wa kisasa huko Marekani linatoka upande mwingine kabisa. Ni mkataba unaotiwa saini kabla ya harusi, ulioandaliwa na Rabi Mordechai Willig na kusimamiwa na beti-dini yao ya New York, ambao mume huahidi kwao kumlipa mke matunzo ya dola 150 kwa siku tangu siku wanapoacha kuishi pamoja hadi siku ndoa yao itakapokwisha kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi. Fedha hizo hazitajwi kama faini, maana faini ingenuka shuruti. Ni utekelezaji wa wajibu wa zamani wa mume kumlisha na kumvisha mkewe, unaotolewa katika Kutoka 21:10. Kwa mwaka ni dola 54,750, yaani zaidi ya fidia yote ya miaka 15 ya Montreal, na anayezikataa anaweza kushtakiwa katika mahakama ya kawaida kwa mkataba wa kawaida.

Chama cha marabi wa mrengo huo kiliamua mwaka 2016 kwamba wanachama wake wasifungishe harusi bila mkataba wa aina hiyo. Jumuiya nyingi za Kiharedi, yaani za Waorthodoksi wenye msimamo mkali zaidi, bado zinaukataa, zingine zikiona kwamba dola 150 kwa siku ni shuruti kwa jina jingine, zingine zikichukizwa na kuzungumzia talaka siku za arusi. Na mke aliyeolewa bila kutia saini, kama aliyeolewa Montreal mwaka 1969, hasaidiki nao hata kidogo. Kwake bado zimebaki njia za Rabenu Tam, marabi wanaompigia mume simu, sinagogi inayomnyima heshima ya kuitwa kusoma Torati, na wakili anayesaka katika makaratasi ya talaka kifungu kama kile cha 12.